Nguo Yenye Kipimo cha Mtoto Mmoja

Januari 2016 kambi ya Mtendeli ilifunguliwa upya wilayani Kakonko, mkoani Kigoma, katika nchi ya vilima iliyokuwa sehemu ya Kibondo hadi Kakonko ilipopewa wilaya yake mwaka 2012. Warundi waliokimbia machafuko yaliyoanza Bujumbura Aprili 2015 walikuwa wameshaijaza Nyarugusu kule Kasulu, na Nduta ya Kibondo, iliyofunguliwa miezi michache kabla, nayo ilikuwa inajaa. Wengi walipitia Kagunga, kijiji cha ufukweni ambako meli ya MV Liemba iliwachukua safari baada ya safari hadi Kigoma mjini. Walifika na kile kilichoweza kubebwa kichwani, mkononi na mgongoni. Mgongoni, mara nyingi, alikuwa mtoto.

Maisha ya kambini huenda kwa kipimo cha pamoja. Blanketi ni la ukubwa mmoja, ndoo ni ya ukubwa mmoja, unga na mafuta hugawiwa kwa kuhesabu vichwa. Haiwezi kuwa vinginevyo pale watu maelfu kwa maelfu wanapongoja kwenye foleni moja, na usawa huo umewaokoa wengi. Lakini mtoto hakui kwa kipimo cha pamoja. Mmoja ana miguu mirefu na kifua chembamba, mwingine ana tumbo la kushiba maziwa na mikono mifupi, na nguo inayofunguliwa kutoka kwenye balo la mitumba haimjui hata mmoja wao. Ndiyo maana kigauni kinachoshonwa nyumbani, kwa kitenge kilichobaki na uzi wa bei rahisi, kinastahili heshima kubwa kuliko kinayopewa. Katika nyumba nyingi hicho ndicho kitu pekee kilichokatwa kwa kumfuata mtoto mwenyewe.

Kazi yenyewe ina akili nyingi. Chukua gauni la mtoto wa miaka miwili. Yadi moja ya kitenge inatosha, na mara nyingi ni ile iliyobaki baada ya mama kushonewa sketi. Kabla ya kushika mkasi, kitambaa hulowekwa na kuanikwa, kwa sababu kitenge kipya kina wanga unaotoka kwenye maji ya kwanza, na kikishakauka kinarudi kikawa kifupi. Kisha inatafutwa nguo kuukuu inayomkaa mtoto vizuri. Inalazwa juu ya kitambaa kilichokunjwa mara mbili, inazungushiwa chaki au kipande cha sabuni kilichochongoka, na kila upande huongezwa vidole viwili. Isipokuwapo nguo ya kuigiza, mtoto hupimwa amelala, au uzi hupitishwa kifuani mwake wakati ananyonya, ukafungwa fundo pale ncha zinapokutana. Akiwa macho na ameshiba hakubali kusimamishwa mbele ya futi.

Shingo ndiyo mtihani. Kichwa cha mtoto mdogo ni kikubwa kwa mwili wake, hivyo tundu lililokatwa kwa kufuata shingo litakwama masikioni na mtoto atalia kila asubuhi anapovalishwa. Mshonaji anayejua hupasua kidogo mgongoni, akaweka kifungo kimoja na kitanzi cha uzi. Kifungo anakiweka nyuma ili kisifike mdomoni. Mishono ya ndani huipindia mara mbili isiparuze ngozi, na kwapa hulikata pana, maana mtoto anayejifunza kutembea hutembea mikono ikiwa juu.

Sehemu nzuri kuliko zote haionekani. Nguo nyingi za dukani zina pindo jembamba, la kidole kimoja hivi. Gauni la nyumbani linaweza kuwa na pindo la vidole vinne, limekunjwa kwa ndani na kushonwa kwa mkono, kwa mishono mirefu iliyolegea ili ifumuliwe bila kuchana kitambaa. Juu yake huwekwa mikunjo miwili mitatu inayozunguka sketi yote kama pambo. Mtoto akirefuka unafumuliwa mkunjo mmoja, mwaka unaofuata wa pili, mwisho pindo lenyewe. Pale palipokuwa pamekunjwa hubaki mstari wa rangi mbichi ambayo jua na sabuni havikuifikia, na mama akiutazama anajua mwanawe ameongezeka kiasi gani tangu mvua za mwaka jana. Aliyeshona alikuwa ameacha nafasi ya mtoto ambaye bado hajafika.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Kibondo na Kasulu si Kigoma mjini kando ya ziwa. Nyanda za juu zina asubuhi za baridi, hasa Juni na Julai, na kiangazi huleta vumbi jekundu ambalo likishaingia kwenye kitambaa cheupe halitoki. Kwa hiyo mikono mirefu inaonewa fahari kuliko mabega wazi, maua ya rangi nzito huchaguliwa kuliko rangi ya maziwa, na suruali hupata kiraka cha magoti mapema, siku ile ile inaposhonwa. Nguo nyeupe hubakizwa kwa ubatizo, na hufuliwa na kukunjwa kwa ajili ya mdogo wa aliyebatizwa.

Kitambaa kina historia ndefu katika Buha, nchi hii ya Waha wa Kigoma. Katika eneo la Maziwa Makuu watu walivaa nguo za magome ya miti kwa karne nyingi, na ufundi wa Baganda wa kutengeneza nguo ya gome umeingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa binadamu. Kisha misafara ikaleta merikani, pamba ngumu iliyofumwa viwandani Massachusetts na kupitia Zanzibar, pamoja na kaniki za buluu. Henry Morton Stanley alipopita Buha mwaka 1871 akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone, alidaiwa hongo, yaani ushuru wa kupita, na watawala wa njiani, na hongo hiyo aliilipa kwa doti za nguo hadi akaamua kutoroka usiku ili asifilisike. Kitambaa kilikuwa fedha. Kilipimwa kwa doti, kikahesabiwa, kikafungwa kwenye mizigo ya wapagazi, na hakuna aliyeuliza kingemkaa nani.

Leo kitambaa hupimwa kwa balo. Tanzania inalima pamba, zaidi katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, lakini sehemu kubwa ya pamba hiyo huuzwa nje ikiwa bado nyuzi. Kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1968, kilizalisha khanga na vitenge vilivyovaliwa na kizazi kizima, kisha viwanda vingi vya aina yake vikadhoofika. Mitumba ikachukua nafasi. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua hadi 2019. Marekani ikatishia kuziondolea nafuu za kibiashara. Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo, Rwanda ikashikilia wake, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishiwa nafuu hiyo. Mvutano wote huo ulihusu, pamoja na mengine, fulana za watoto zilizokwisha kuvaliwa mahali pengine.

Mitumba imewavika watoto wa maskini na si vyema kuibeza. Ila ina tabia moja: humlazimisha mtoto kuifuata. Suruali hukunjwa chini, kiuno hukazwa kwa kamba, sweta la theluji huvaliwa juani. Fundi wa nyumbani huanzia upande wa pili. Hata anapotumia mtumba, huufumua kwanza. Shati la baba lililochakaa kola lina mgongo mzima usio na tundu, na mgongo huo unatoa kaptura mbili za mtoto wa mwaka mmoja. Khanga iliyopauka katikati bado ina pindo imara, na pindo hilo likiwekwa chini ya sketi linaonekana kama lilifumwa kwa ajili ya gauni hilo.

Kifaa kikubwa cha kazi hii ni cherehani, na sifa yake imetoka mbali. Barthélemy Thimonnier wa Ufaransa alipata hataza ya mashine yake ya kushona mwaka 1830, na washonaji waliohofia riziki yao wakaivamia karakana yake na kuzivunja mashine. Mwaka 1851 Isaac Singer alipata hataza ya kwake huko Marekani, na kampuni yake ikawauzia watu kwa malipo ya kidogo kidogo, ndipo mashine ikaingia majumbani. Afrika Mashariki iliipokea kwa mikono miwili. Singer nyeusi yenye maandishi ya dhahabu, na baadaye Butterfly ya China, zimekaa kwenye vibaraza vya Kasulu kama zilivyokaa Mombasa na Bukavu. Hazihitaji umeme. Zinataka mguu, tone la mafuta, mkanda usiolegea na mtu anayejua kulinganisha uzi wa juu na wa chini. Kwa wasio na cherehani ipo sindano, nayo imefanya kazi kubwa zaidi kwa kelele kidogo: kupiga bandi, kupindia, kutia kifungo. Kambini ina faida nyingine pia. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inambana mkimbizi asitoke nje ya kambi bila kibali. Sindano ni kazi isiyohitaji kwenda popote.

Ipo methali inayokataza kukata kanzu kabla mwana hajazaliwa. Washonaji wanaifuata kwa namna yao. Mimba ikiwa kubwa hawakati nguo ya kumkaa mtoto, kwa kuwa kipimo hakijulikani. Wanashona visivyohitaji kipimo. Nepi za pembe nne zinazopindiwa ukingo wote. Kishuka cha vipande vilivyounganishwa. Mbeleko. Kofia ya kufuma kwa sindano moja, inayonyumbuka. Siku ya kwenda kujifungua mama hubeba khanga, vitenge na nguo za mtoto kwenye mfuko wake, na mfuko ulioandaliwa mapema na shangazi au jirani ni zawadi ambayo hakuna mama anayeisahau.

Katika zawadi ndogo ndipo vipande vinapopata heshima yao. Kila kitenge kinachokatwa huacha pembe tatu na vipande vyembamba visivyofaa kwa nguo, na nyumba yenye mshonaji haivitupi. Vinakuwa mfuko wa penseli wenye kamba ya kukaza. Vinakuwa pochi ya sarafu kwa bibi, kitambaa cha kufutia mate cha kufungwa shingoni, mkoba wa daftari. Vinakuwa mwanasesere mwenye nywele za uzi na macho ya kutarizi, amejazwa vipande vingine vidogo zaidi, amevalishwa gauni la kitambaa kile kile alichovaa mtoto mwenye naye. Vilivyobaki kabisa wavulana huvikusanya, wakavifunga kwa kamba vikawa mpira wa chandimu. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Juni 2019, matambara yanaweza kuziba nafasi yake ndani ya mpira huo.

Mbali na nyanda za Kigoma, mkono huo huo unaonekana katika kofia za Unguja na Pemba. Wanawake huzishona nyumbani: kitambaa cheupe kinachorwa maua kwa penseli, kinatobolewa vitundu vidogo, na kila kitundu kinazungushiwa uzi kwa mkono. Kofia moja nzuri inaweza kula wiki kadhaa, na mtoto wa kiume aliyeshonewa ya Idi huvaa jioni nyingi za mama yake kichwani.

Na huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, Sista Rosemary Nyirumbe aliufanya ushonaji kuwa mlango wa kurudi katika maisha. Katika chuo cha Mtakatifu Monica aliwapokea wasichana waliotoroka kutoka kwa jeshi la waasi la Joseph Kony, wengi wakiwa na watoto waliozaa msituni. Aliwapokea pamoja na watoto hao, akawafundisha cherehani, na wakajulikana duniani kwa mikoba midogo iliyofumwa kwa vifungulio vya makopo ya soda. Msichana aliyeachishwa shule kwa bunduki alirudi darasani, na mtoto wake alikuwa karibu.

Kigoma nayo ina milango yake. Kasulu na Kibondo zina vyuo vya maendeleo ya wananchi, vya mtandao ulioanza mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, na ushonaji ni miongoni mwa fani zinazofundishwa katika vyuo hivyo. Miaka ya karibuni mpango wa Elimu Haina Mwisho umewarudisha katika vyuo hivyo wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito, huku watoto wao wakitunzwa hapo hapo. Soko la kazi yao lipo. Ada ya sekondari ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa kuanzia Januari 2016, lakini sare bado ni jukumu la mzazi, na kila mwanzo wa mwaka sketi na kaptura za wanafunzi wapya zinahitajika kwa maelfu.

Mtendeli ilifungwa mwishoni mwa 2021 na waliobaki wakahamishiwa Nduta. Waliohama walikunja nguo za watoto kwa mara nyingine, na cherehani zilizokuwapo zikatafuta nafasi juu ya mizigo.

Anayetaka kuanza asianze na gauni la sherehe. Aanze na kaptura ya mpira kiunoni: vipande viwili, mishono minne, njia moja ya kupitishia mpira. Anahitaji sindano, uzi unaofanana na kitambaa, mkasi usiotumiwa kukata karatasi, na kaptura ya zamani ya kuigiza. Apige bandi kwanza na kumjaribisha mtoto kabla ya kushona moja kwa moja. Na chini aache vidole vinne.