Picha za Nani? Wachoraji wa Patna na Mkusanyo wa Impey

Mary Impey, mke wa Jaji Mkuu wa Calcutta, aliwaajiri wachoraji watatu kutoka Patna, Shaikh Zain ud-Din, Bhawani Das na Ram Das, wamchoree ndege na wanyama aliowafuga. Picha zilizidi 300. Mwaka 1810 ziliuzwa kwa mnada London, zikatawanyika. Jina lililodumu ni la mwagizaji. Hata istilahi “mtindo wa Kampuni” humtaja mteja, si fundi. Wala ushahidi haukukosekana: karatasi nyingi zina majina ya wachoraji kwa Kiajemi na Kiingereza. Maonyesho ya Wallace Collection yaliyofunguliwa Desemba 2019 yaliwatambua kama mabingwa waliosahauliwa (waliosahauliwa na nani, hayakusema wazi), lakini Kampuni ikabaki katika anwani.

Kwa Kiswahili mtego ni mkubwa zaidi. “Picha za Impey” zaweza kuwa alizochora, alizomiliki au zinazomwonyesha yeye. Kihusishi -a hakibagui. Katalogi ya makumbusho haina budi kutumia vitenzi: “zimechorwa na Zain ud-Din, Calcutta, ziliagizwa na Mary Impey”, na mchoraji atangulie.