Kuingia si Kuoana: Uhakiki wa Istilahi za Vipuri vya Bunduki

Istilahi ya ufundi haipimwi kwa utamu wake bali kwa kazi ifanyayo. Kwa kipimo hicho twataka kuhakiki neno "kuingiliana", litumiwalo na baadhi ya wafasiri wa maelezo ya silaha kueleza kwamba kipuri cha bunduki moja chaweza kutumika katika nyingine. Kwa maoni yetu neno hilo lina kasoro mbili, na zote mbili zaweza kumdhuru mtu.

Kasoro ya kwanza ni kuchanganya umbo na kazi. Tuchukue bunduki za aina ya AR-15, ambazo hujipakia risasi zenyewe lakini hupiga moja tu kila kifyatulio kivutwapo. Katika usanifu wa Mmarekani Eugene Stoner, aliyepewa hataza mwaka 1960, gesi ya baruti hutoka katika tundu la mtutu, ikapita katika bomba jembamba hadi ndani ya kibebeo cha komeo na kukisukuma nyuma. Baadaye walitokea watengenezaji walioondoa bomba hilo, wakaweka juu ya mtutu pistoni fupi ambayo hukipiga kibebeo kwa fimbo.

Kwa nje bunduki hizo ni kama mapacha. Kitako, kifyatulio na kasha la risasi mara nyingi ni vile vile. Lakini kibebeo cha bunduki ya bomba kina mdomo wa kupokea gesi, na cha bunduki ya fimbo kina uso mgumu wa kupokea pigo. Hiki cha pili chaweza kuingia katika bunduki ya bomba, ila gesi haitakuwa na pa kupitia, na bunduki itapiga risasi moja isijipakie nyingine. Kinyume chake, fimbo itagonga mdomo uliofungwa kwa skrubu, usioundwa kuvumilia mapigo. Wala watengenezaji wa mifumo ya fimbo hawana kipimo kimoja. Basi hata fimbo kwa fimbo si hakika.

Kasoro ya pili ni ya sarufi. Kiambishi "-an-" hudai utendano: hiki kwa kile na kile kwa hiki. Ufundi haukubali hivyo daima. Bunduki ya FAL ya Ubelgiji ilitengenezwa kwa vipimo vya milimita, na Uingereza ikaiunda upya kwa vipimo vya inchi. Kasha la milimita huingia katika bunduki ya inchi, japo kwa kulegea kidogo. Kasha la inchi haliingii katika bunduki ya milimita. Utendano u wapi hapo? Tena SKS na AK za Kirusi hutumia risasi ya aina moja, ya milimita 7.62 kwa 39, lakini mitambo yao haiazimani vipuri.

Hatuwezi pia kuliafiki jina "bunduki isiyo na pistoni" kwa usanifu wa Stoner. Ndani ya kibebeo chake, komeo lenye pete zake ndilo pistoni. Jina hilo lakanusha kilichopo.

Kwa hiyo twapendekeza yafuatayo. "Kuingia" kutumike kwa umbo tu, kama mafundi wa gereji wasemavyo kuwa spea inaingia. "Kuoana" kutumike pale vipuri viwili vifanyapo kazi pamoja katika mfumo mmoja. "Kubadilishana" kutumike pale tu kila kimoja kiwezapo kushika nafasi ya mwenziwe. Ikiwa ni upande mmoja, tuseme kimoja "hufaa badala ya" kingine. Mifumo nayo iitwe "mfumo wa bomba" na "mfumo wa fimbo", kwa kile kipelekacho nguvu nyuma.

Huenda wengine wakatabasamu kwa neno "kuoana". Lakini mshonaji husema rangi zimeoana, na hakuna amchekaye. Mtunza bohari hana nafasi ya kumwuliza mfasiri alikusudia nini. Huliamini neno alilolikuta daftarini, na anayeishika bunduki humwamini yeye.