Kifumbu si Kikapu

Kila usiku wasomaji wa habari nchini Kenya hutumia neno la mtu wa Matondoni. Neno lenyewe ni runinga, na aliyelibuni ni Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi aliyezaliwa kisiwani Lamu mwaka 1927 na kufariki 2017. Tarakilishi ni lake pia, na rununu. Kipungani, kwetu, na Matondoni ni vijiji vya upande mmoja wa kisiwa. Lakini nilisomea utayarishaji wa vipindi vya redio na runinga huko Nairobi kwa miaka miwili, hadi karo iliponishinda, na jina la Nabhany sikulisikia darasani hata siku moja.

Mtu anaweza kusema, basi, mshairi na kamera wapi na wapi? Jibu langu ni kwamba kumwacha nje kumeharibu kazi tunayoiona kwenye skrini.

Tuanzie nyuma kidogo. Chuo cha serikali cha mawasiliano ya umma, KIMC, kilianza mwaka 1961 kwa kufunza mafundi wa mitambo ya utangazaji. Runinga ikaingia Kenya 1962. Mashine zilitoka ng'ambo, na maelezo yake yakaja kwa Kiingereza. Fani zilizofuata, uandishi wa habari, utayarishaji, filamu, zikasomeshwa kwa lugha hiyo hiyo, na vyuo vya binafsi vilivyochipuka baadaye vikashika njia ile ile. Sisi darasani tulikuwa tukiandika skripti kwa Kiingereza kwanza, halafu tunaitafsiri, hata kama kipindi chenyewe ni cha Kiswahili, kinawahusu Waswahili, na kitatazamwa na Waswahili.

Majina ya mashine hayanisumbui. Kamera ni kamera, maikrofoni ni maikrofoni. Na hapa hata Nabhany mwenyewe tumkosoe kwa adabu: runinga limekubalika kwenye habari na kwenye mtihani, ila ukipita barazani Kipungani utasikia watu wakisema tivii. Neno la kubuni lina mpaka wake. Shida ninayoiona iko upande wa pili wa lenzi, kwenye vitu vinavyopigwa picha.

Chukua ile ripoti ya dakika tatu juu ya Lamu ambayo kila stesheni imeshaitengeneza. Punda. Jahazi. Jua linazama. Kisha mikono ya mama mmoja, na sauti ya msimulizi: akina mama hawa hufuma vikapu. Imekwisha. Kijiji chetu kinajulikana kwa kazi ya kusuka, na hakuna mtu wa huku angeisema hivyo. Kuna miyaa, kuna ukili unaosukwa kwa miyaa hiyo, kuna kuushona ukili mpaka uwe mkeka. Kusuka ni kazi moja na kushona ni nyingine. Kuna kofia, na kuna kifumbu, ambacho hutiwa nazi iliyokunwa kikasongolewa mpaka tui litoke.

Mpiga picha anayejua neno kifumbu atafuata nazi. Ataingia jikoni, atangoja tui, atauliza bei yake sokoni na nani anayenunua siku hizi. Anayejua kikapu tu atapiga vidole sekunde kumi aondoke. Wote wawili wamefundishwa kupanga picha, na huenda taa ya yule wa pili ni nzuri zaidi. Tofauti ni kwamba mmoja alijua anatazama nini.

Ndiyo maana naisoma Sambo ya Kiwandeo, utenzi wa Nabhany uliochapishwa 1979, kama kitabu cha utayarishaji. Ni utenzi juu ya chombo cha Lamu, na aliyeutunga ametoka Matondoni, kijiji cha waunda majahazi. Unataja sehemu za chombo na kazi za mafundi kwa majina ambayo mafundi wenyewe wanayatumia. Ukiusoma unaiona kazi. Unajua uelekeze jicho wapi. Mwandishi wa skripti anahitaji nini zaidi? Umbuji wa Mnazi, wa 1985, unaushughulikia mnazi kwa moyo huo huo. Hivi viwili vingekuwa kwenye silabasi ya mwaka wa kwanza, kabla mtu hajagusa kamera.

Najua jibu la wakufunzi: stesheni zinataka Kiswahili sanifu, na vijana wanataka kazi. Ni kweli. Sanifu ilijengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928, na kuna faida: mtu wa Lamu na mtu wa Kigoma wanasikiliza redio moja. Msomaji wa habari aisome habari kwa sanifu, hatuna neno. Ila mvuvi anayehojiwa ana haki ya kusema ndia na mato. Katika zoezi letu moja la kuhariri, mzee aliyesema hivyo alikatwa, ati haeleweki, na sauti ya msimulizi ikawekwa juu yake. Midomo ikawa inacheza bila maneno. Watazamaji waliofuata tamthilia za Mexico miaka na miaka, zimetiwa sauti za Kiingereza, ndio wa kushindwa na ndia?

Pendekezo langu ni dogo. Kila mwanafunzi wa utayarishaji akae mwezi mmoja na fundi: mwashi, msusi, mvuvi, mshonaji, yeyote. Arudi na daftari la majina ya vitu na kazi, na atahiniwe kwa daftari hilo. Halafu apewe kamera.

Kila mwaka vijana wa Kipungani na Matondoni wanamaliza kidato cha nne, na baadhi yao wataomba nafasi kwenye vyuo hivyo. Wazazi watachanga, na wengine watachanga kwa pesa za mikeka. Mtoto akirudi na cheti na kuiita kazi ya mamake kikapu, tutakuwa tumelipa karo asahauzwe.