Neno "Ukungu" na Viazi vya Njombe

Neno ukungu limebebeshwa mzigo mzito. Alfajiri, mkulima wa Njombe hulitumia kwa wingu jeupe lililolala juu ya vilima. Nyumbani hulitumia kwa mkate uliovunda. Na wakati wa mvua, aonapo madoa meusi katika majani ya viazi mviringo, husema tena kuwa ni ukungu. Matumizi mawili ya kwanza hayamdhuru mtu. La tatu lastahili kuchunguzwa, kwa kuwa lahusu shamba zima, na magunia yatakayofika, au yasiyofika, Makambako, ambako barabara itokayo Njombe hukutana na barabara kuu iendayo Mbeya na Dar es Salaam.

Yaweza kusemwa kwamba lugha ina hekima yake: unyevu wa ukungu ndio uyaleao maradhi hayo. Hoja hiyo ni kweli nusu, maana jina laeleza hali ya hewa, wala halielezi kiumbe. Tena yaweza kusemwa kwamba ngeli imekwisha kuutenga uyoga na ukungu mbali na miti. Lakini unyasi nao una u-, ilhali ni mmea halisi. Na mto una m-, ilhali hauna uhai. Ngeli si mizani ya viumbe.

Mizani ni seli. Mwaka 1969 R. H. Whittaker wa Marekani alizitenga kuvu na mimea, akazipa kundi kuu lake peke yake. Ukuta wa seli ya kuvu una kaitini, kitu kile kile kilichomo katika gamba la mdudu. Lakini kiumbe kiozeshacho viazi, ambacho Anton de Bary alikiita Phytophthora mwaka 1876, kina ukuta wenye selulosi, na vijimbegu vyake huogelea majini kwa mikia miwili. Kwa umbo chafanana na kuvu. Kwa seli ni jamaa ya mwani wa kahawia.

Wala jambo hili si la wanavyuoni tu. Metalaksili, dawa ikizuiayo kiumbe hicho, haizifai kitu kuvu halisi. Mnyauko nao huletwa na bakteria, ambaye seli yake haina kiini, na dawa ya ukungu haimwui. Shina lililonyauka likikatwa na kutumbukizwa katika maji safi, kisha likatoa uzi mweupe kama maziwa, huyo ni bakteria. Fedha ya kununulia dawa ya ukungu itakuwa imetupwa. Lifaalo ni kung'oa miche iliyougua, kubadili zao, na kutafuta mbegu safi.

Si haki kumnyang'anya mkulima neno lake. Kosa ni la waandishi wa vijitabu vya kilimo walipokeao kama lilivyo, wakaliandika kana kwamba limekwisha kutaja kiumbe. Bakajani, kuvu na mnyauko yote ni maneno ya Kiswahili. Kila moja na liwekwe mahali pake. Majina yakichanganyika, dawa nazo huchanganyika, na mwenye kulipa ni mwenye shamba.