Kariakoo, jicho letu la usajili halionekani mbali hivyo

Dirisha la usajili likifunguliwa, kuanzia Msimbazi hadi Jangwani kila mtu ni skauti. Video ya dakika tatu, mabao sita, basi: huyu ni mashine, aletwe.

Watafiti Cade Massey na Richard Thaler walilichunguza jicho hilo kwenye NFL ya Marekani, ule mpira wa kofia ngumu. Kule timu huchagua chipukizi kwa zamu, iliyovurunda ikitangulia. Wakalinganisha kila aliyechaguliwa na aliyefuata kwenye nafasi ileile uwanjani. Aliyetangulia alimzidi mwenzake katika asilimia 52 tu ya ulinganisho huo, yaani karibu na kurusha shilingi! Ushauri wao: zamu ya juu iuze, upate kadhaa za chini.

Lakini kuihamishia hesabu hiyo Kariakoo nzimanzima ni kukosea. NFL mishahara ina ukomo. Kwetu tajiri akipenda anaongeza dau. Kisichoongezeka ni nafasi za wageni, ambazo miaka ya karibuni ni 12. Kwa hiyo gharama ya mgeni si dau peke yake, ni pia dakika anazokosa mwingine.

Fiston Mayele alistahili nafasi yake: mabao 17 ya ligi msimu wa 2022/23. Alipouzwa Pyramids ya Misri, Clement Mzize, kijana aliyepandishwa kutoka timu ya vijana ya Yanga, akaanza kuaminiwa zaidi. Msimu wa 2024/25 akafunga 14. Sasa huyo mgeni wa kwenye video, kabla hamjamlipia tiketi ya ndege, mmeshahesabu atakaa kwenye dakika za nani?