Soseji Bapa: Kinachoishika Nyama ni Chumvi

Soseji ya kawaida huvikwa utumbo, na hata nyama yake ikiwa legelege, utumbo huishikilia. Soseji bapa, ile ya duara ambayo Wamarekani huila asubuhi pamoja na mayai, haina vazi. Ukiikosea inamomonyoka kikaangoni, mafuta yanatiririka, na kinachobaki ni kima kavu.

Ndivyo zilivyonitoka mara ya kwanza. Nilizitengeneza kama ninavyotengeneza kababu: nyama iliyosagwa buchani adhuhuri, ndimu, tangawizi mbichi ya kutwanga, chumvi mwishoni, nikakanda kidogo, nikakaanga. Yai na mkate sikutia, kwa kuwa soseji ya namna hii haivihitaji. Zikavunjika zote. Baada ya kuzirudia mara kadhaa nimeona kwamba makosa yalikuwa matano, na kosa kubwa kuliko yote lilikuwa la chumvi. Kiasi chake kilikuwa sawa. Nilichokosea ni wakati wa kuitia.

Kazi ya chumvi

Kababu hushikwa na yai na mkate. Soseji hushikwa na nyama yenyewe. Ndani ya msuli kuna protini iitwayo myosini, ambayo haiyeyuki vizuri katika maji matupu lakini huyeyuka katika maji ya chumvi. Nyama ikikaa na chumvi, myosini hutoka na kuwa utando unaonata juu ya kila chembe. Ukikanda, chembe hugandana. Ukikaanga, kuanzia nyuzi joto 50 hivi utando huo hugeuka wavu mgumu unaobana maji na mafuta mahali pake.

Ndiyo maana anayetengeneza nyama ya baga hutia chumvi juu tu, dakika ya mwisho, kwa sababu anataka nyama ichambuke mdomoni. Mtengenezaji wa soseji hufanya kinyume chake: chumvi huanza, tena hupewa usiku mzima. Hata jina lenyewe la Kiingereza la soseji lina asili yake katika neno la Kilatini lenye maana ya kitu kilichotiwa chumvi.

Kwa kilo 1 ya mchanganyiko mimi hutia gramu 16 za chumvi laini. Asiye na mizani apime vijiko vya chai viwili na nusu vilivyosawazishwa. Atapata takriban gramu 15, na zinatosha.

Nyama na mafuta yake

Huko Marekani soseji hii ni ya nguruwe. Wakulima wa majimbo ya kusini walichinja msimu wa baridi, na vipande vilivyobaki baada ya mapaja na mbavu kutengwa vikasagwa kwa chumvi, pilipili na seji, jani la kijivu lenye uchungu wa mbali, ndugu wa mnanaa. Mwaka 1969 mwimbaji Jimmy Dean alianzisha kampuni ya soseji huko Texas, na chakula cha shamba kikaenea madukani.

Kanuni za Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo zinaruhusu soseji mbichi ya nguruwe iwe na mafuta hadi asilimia 50, lakini ile ya ng'ombe isizidi asilimia 30. Kwetu sisi tunaotumia ng'ombe, kipimo hicho cha pili ni mwongozo mzuri. Mimi hutumia gramu 750 za nyama ya mkono na gramu 250 za mafuta ya kidari. Nasema kidari kwa makusudi. Mafuta yanayozunguka figo ni magumu mno. Huchelewa kuyeyuka na huganda upesi kwenye kaakaa. Ya kidari ni laini zaidi.

Baridi

Nyama ya bucha zetu hutundikwa kwenye ndoana, na Dar es Salaam adhuhuri joto ni nyuzi 30 au zaidi. Kisu cha mashine huongeza joto jingine. Mafuta yaliyolainika hayakatiki. Husambaa kama siagi na kuzipaka chembe za nyama. Myosini haiwezi kunata juu ya chembe iliyopakwa mafuta, kwa hiyo wavu haufumiki.

Basi usisage buchani. Nunua kipande kizima asubuhi, kikate vipande vya sentimita 2 au 3, changanya na chumvi na viungo, kisha kilaze ndani ya friji. Kesho yake kitie friza kwa dakika 30 hadi 45, mpaka kingo zikakamae, pamoja na vyuma vya mashine. Saga mara moja tu. Mwagia vijiko viwili vya chakula vya maji ya barafu na ukande kwa nguvu dakika moja au mbili.

Kipimo cha kukanda ni hiki: bandika donge kwenye kiganja, kisha geuza mkono. Likining'inia bila kudondoka, wavu upo. Likianguka, endelea kukanda.

Viungo vinavyosaidia na vinavyobomoa

Kwa kilo ile ile natia vijiko viwili vya chai vya seji kavu iliyosagwa, kimoja na nusu cha pilipili manga, kimoja cha sukari ya kahawia, nusu ya tangawizi ya unga, robo ya kungumanga, na pilipili kali kwa kadiri ya walaji.

Tangawizi iwe ya unga. Ile mbichi ina kimeng'enya kinachokata protini, na kwa usiku mzima itaifanya nyama kuwa uji. Papai bichi hufanya kazi hiyo hiyo: linalainisha mishkaki vizuri sana, ila hapa linakata nyuzi zile zile tunazotaka zishikane. Ndimu nayo, kwa ukali wake, huipunguzia nyama uwezo wa kushika maji. Ikamue mezani, juu ya soseji iliyokwisha kuiva.

Moto

Kabla ya kufinyanga, kaanga kipande kidogo uonje. Bado unaweza kuongeza kiungo. Kisha finyanga madonge ya gramu 60, uyabonyeze hadi unene wa sentimita 1, na katikati uache kishimo kwa kidole, kwa sababu nyama ikipata moto hujikunja na kutuna katikati. Moto wa wastani, dakika tatu au nne kila upande.

Usiamini rangi. Nyama ya kusaga inaweza kuwa kahawia kabla haijaiva, na bakteria waliokuwa juu ya kipande kizima sasa wamo ndani kila mahali. Ndiyo sababu haiwezi kuliwa ikiwa nusu mbichi kama steki. Kipimajoto kisome nyuzi 71 katikati. Mbichi zilizobaki zitumike ndani ya siku mbili zikiwa kwenye friji, au zigandishwe na ziliwe ndani ya mwezi mmoja au miwili.

Kuna jambo moja ambalo chumvi, baridi na mkono havitalitibu: mafuta ya ng'ombe, hata ya kidari, huganda yakipoa, na soseji iliyosubiri kwenye sahani hupoteza nusu ya utamu wake. Kwa hiyo chai iwe imemiminwa na mayai yako tayari. Waite watu mezani kwanza, ndipo utie soseji kikaangoni.