Neno la Malishoni na Neno la Mezani

Walter Scott, mwandishi wa Uskochi, alitoa kitabu chake Ivanhoe mwishoni mwa mwaka 1819. Katika sura ya kwanza wako watumwa wawili Wasaksoni, yaani Waingereza wa kale: Gurth mchunga nguruwe na Wamba mchekeshaji. Wamba amfundisha mwenzake ya kuwa mnyama akiwa hai, mikononi mwa mtumwa, huitwa kwa Kiingereza. Akiisha kuandaliwa mezani pa bwana, hupata jina la Kifaransa. Sisi twasema ng'ombe na nyama ya ng'ombe. Mwingereza husema 'ox' malishoni na 'beef' mezani, 'swine' na 'pork', 'sheep' na 'mutton'.

Somo hili limependwa sana, hata wengi hulishika kama historia. Nalo lina ukweli ndani yake, maana William wa Normandy aliishinda Uingereza mwaka 1066, na kwa miaka mingi wakuu walisema Kifaransa, na wakulima Kiingereza. Walakini lina kasoro mbili, nasi yafaa tuzipime.

Kwanza, Wafaransa wenyewe hawakutenga mnyama na nyama yake. Kwao 'bœuf', neno lililotoka katika Kilatini, ni ng'ombe wa jembe, tena ni kitoweo. Waingereza nao walilipokea vivyo hivyo. Afunguaye Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Hesabu 31:33, ataona ng'ombe 72,000 waliotekwa vitani, wote hai, nao wameitwa 'beeves', ndio wingi wa 'beef'. Miaka zaidi ya 500 ilikuwa imepita tangu William! Basi mpaka wa malisho na meza haukuwekwa na washindi, ulikuja polepole.

Pili, ni habari ya wakati. Msomaji wa Ivanhoe hudhani maneno yaliingia kwa mjeledi, mara baada ya vita. Sivyo. Mengi yaliingia baada ya mwaka 1250 hivi, Kifaransa kilipoanza kudhoofika. Mfalme John alikuwa amepoteza Normandy mwaka 1204. Wakuu wakakaa Uingereza, watoto wao wakakua katika Kiingereza, wakachukua pamoja nao maneno waliyoyazoea: 'jury' la mahakama, 'parliament' la baraza, 'prayer' la sala. Mwaka 1362 ilitolewa sheria ya kuamuru mashauri yasemwe kwa Kiingereza, nayo sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa!

Scott alijua kusimulia, na msomaji na amfurahie. Ila asidhani ya kuwa kila neno la kuazima ni kovu la pingu. Mengi ya hayo aliyaleta bwana mwenyewe, siku alipoiacha lugha yake na kuingia katika lugha ya watumwa wake.